Milango ya Programu Huria na Wanaoilinda

Takwimu za malaria, za chanjo na za wajawazito zinazokusanywa katika zahanati za mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Chiwanda karibu na mpaka wa Msumbiji, huandikwa kwanza katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kisha hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao ulikuwa umeenezwa Tanzania nzima kufikia mwaka 2013. Mfumo huo ni programu huria, maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha bila malipo. Ikiwa kila mtu anaruhusiwa kupendekeza mabadiliko, basi lazima awepo wa kuamua lipi lipokelewe na lipi likataliwe, na kazi hiyo, ambayo watumiaji wengi hawaijui, ndiyo inayobeba uzima wa programu nzima.

DHIS2, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa washirika wa muda mrefu. Mchangiaji hafanyi kazi yake juu ya msimbo mkuu moja kwa moja: hujitengea nakala, huibadili, kisha hutuma ombi la kuunganisha. Ombi hilo hupitishwa kwanza katika majaribio yanayoendeshwa na kompyuta zenyewe, halafu husomwa na mtunza, yaani mtu aliyekabidhiwa sehemu fulani ya msimbo. Mtunza haulizi tu kama badiliko linafanya kazi. Huuliza pia nani atalitunza miaka mitano ijayo, na kama kanuni ya kujumlisha inayoifaa nchi moja haitavuruga hesabu za nyingine. Kwa sababu hiyo mengi hukataliwa hata yakiwa yameandikwa vizuri, na mchangiaji mwenye busara halichukulii jambo hilo kuwa dharau.

Njia mojawapo ya kupunguza mzigo wa watunza ni kutenganisha kiini cha mfumo na programu tumizi zinazopachikwa juu yake. Wataalamu wa Tanzania walitengeneza kwa njia hiyo kadi ya tathmini, inayopaka rangi viashiria vya afya ili uongozi wa wilaya utambue haraka palipo na udhaifu, na nchi nyingine zinaweza kuitumia bila kiini kuguswa.

Miradi mikubwa zaidi hupanga watunza kwa ngazi. Katika Linux, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mabadiliko hupanda kutoka kwa mtunza wa sehemu hadi kileleni, kila moja likibeba jina la aliyeliandika na la kila aliyelipitisha, na ni kwa ajili ya kazi hiyo kwamba Torvalds aliunda Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, mwaka 2005.

Hata hivyo, utaratibu bila watu wa kutosha hauzuii hila. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyekuwa amechoka, akaaminiwa, akapewa mamlaka, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua Machi 2024, baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Kosa kubwa halikuwa la mtunza yule. Lilikuwa la kampuni na taasisi nyingi zilizoitegemea kazi yake bila kumsaidia.

Serikali za Afrika Mashariki, ambazo takwimu za afya za wananchi wake hupita katika msimbo wa namna hii, zinapaswa kulipia kazi ya ukaguzi kama zinavyolipia mitambo na mafunzo, na vyuo vyetu vihesabu ukaguzi wa msimbo wa miradi huria kuwa sehemu halali ya masomo ya kompyuta.