Likasi: Kuacha lekta ya DVD na kununua ya Blu-ray, je, makuta hayatapotea bure?

Katika nyumba nyingi za Kikula, Panda na Shituru, lekta ya DVD ingali chini ya televizyo, imefunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Televizyo yenyewe imebadilika. Ile nene yenye mgongo imeondoka, na pahali pake pamewekwa bapa ya inchi 32 au 43 iliyopandishwa kutoka Lubumbashi au Kasumbalesa. Lekta peke yake ndiyo imebaki ya zamani. Kwa hiyo swali linazuka katika familia: kwa kuwa televizyo sasa imeandikwa HD, inafaa kuongeza makuta na kununua lekta ya Blu-ray, ile inayosoma diski zenye picha ya kiwango cha juu?

Kwa nyumba nyingi za Likasi, jibu ni hapana. Si kwa sababu Blu-ray ni mashini mbaya. Ni nzuri sana. Shida iko kwenye diski zitakazoingizwa ndani yake.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji hawaielezi. Picha ya televizyo imeundwa na nukta ndogo ndogo. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, katika mfumo wa Ulaya inabeba nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani nukta 414.720 kwa picha moja. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, inabeba 1.920 kwa 1.080, yaani nukta 2.073.600. Ni mara tano kamili. Diski ya DVD ya kawaida ina nafasi ya giga 4,7. Ya Blu-ray ina giga 25, na yenye tabaka mbili inafika giga 50. Mtu akiweka filamu ileile katika diski hizo mbili, kwenye televizyo kubwa, tofauti inaonekana hata kwa mtoto: nywele za mchezaji, majani ya mti, maandishi ya mbali kwenye ukuta.

Sasa tuangalie diski zinazopangwa kwenye meza za soko. Nyingi ni nakala, na muuzaji anajivunia wingi: filamu kumi na mbili katika diski moja, wakati mwingine ishirini. Gawa giga 4,7 kwa filamu kumi na mbili. Kila moja inabaki na chini ya giga 0,4. Picha imebanwa hadi nyuso zinageuka viraka pale watu wanapokimbia. Diski ya namna hiyo ukiiweka ndani ya lekta ya Blu-ray, itasomwa bila tatizo, kwa sababu lekta hizo zinasoma DVD pia. Lakini mashini haiwezi kurudisha nukta zilizokwisha kutupwa. Itainyoosha picha ijaze kioo, basi. Kazi hiyo ya kunyoosha hata televizyo yako inaifanya yenyewe, bila malipo.

Kwa maneno mengine, anayelipia lekta mpya ili aangalie diski za sokoni ananunua jina lililoandikwa mbele ya mashini.

Kuna jambo la televizyo pia. Bapa nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa bei ya chini zimeandikwa «HD Ready», na watu wanadhani ndiyo HD yote. Siyo. Nyingi kati ya hizo zina nukta 1.366 kwa 768, karibu nusu ya zile ambazo Blu-ray inatoa. Nusu nyingine inapotea njiani. Ongeza kwamba katika salon ya kawaida watu wanakaa mita mbili na nusu au tatu kutoka kwenye kioo, na kwa umbali huo jicho halitofautishi sana kwenye inchi 32. Faida inaanza kuonekana vizuri kwenye inchi 43 yenye maandishi «Full HD», na inakuwa wazi kabisa kuanzia inchi 50.

Kisha waya. Zile nyaya tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe, ambazo kila nyumba inazo, haziwezi kupitisha picha ya HD. Ni lazima HDMI. Mtu mwenye lekta ya DVD iliyo na tundu la HDMI, na zipo nyingi, anaweza kubadilisha waya tu na kuona picha ikitulia, rangi zikikaa pahali pake, bila kununua mashini yoyote. Ni jaribio la bei ndogo, na lingepaswa kutangulia mengine yote.

Kwa wale ambao bado wanataka Blu-ray, iko mitego ya kujua kabla ya kutoa pesa, hasa kwa vitu vya okazyo. Diski za Blu-ray zimegawanywa katika maeneo matatu ya dunia: A, B na C. Afrika iko B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Hiyo ni bahati kwa Wakongomani, kwa sababu lekta iliyotoka Ubelgiji, Ufaransa au Dubai inasoma diski za Ulaya, ambazo mara nyingi zina sauti ya Kifaransa. Lakini lekta iliyotoka Marekani au Japani ni ya eneo A, na itakataa diski nyingi za Ulaya. Tena, ya Marekani inaweza kuwa imetengenezwa kwa umeme wa volti 110. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 220 za SNEL, utasikia harufu kabla ya kuona picha. Nyuma ya mashini huwa kuna karatasi ndogo. Kama haikuandikwa 100-240 au 220-240, iache mezani.

Na wenye VCD za zamani, zile za nyimbo na michezo ya kuigiza zilizojaa Kongo kabla ya DVD kushuka bei, wajue kwamba baadhi ya lekta za Blu-ray hazizisomi kabisa. Kwa mzee mwenye mkusanyo wa namna hiyo, lekta mpya inaweza kuwa hasara juu ya hasara.

Jambo moja linasahauliwa: kuna nyumba ambazo Blu-ray tayari zinayo bila kujua. PlayStation 3 inasoma diski za Blu-ray. PlayStation 4 pia inasoma. PlayStation 5 yenye tundu la diski inasoma hata zile za 4K, ambazo picha yake ina nukta mara nne ya Blu-ray ya kawaida. Salon za michezo ambako vijana wanalipa kwa dakika ili kucheza mpira zimejaa mashini hizo. Mzazi aliyemnunulia mtoto PlayStation ya okazyo, kisha anaenda kutafuta lekta ya Blu-ray, analipa kitu kilekile mara mbili.

Sababu ya mwisho ya kusita iko mbali na Likasi. Viwanda vyenyewe vinaondoka. Mwaka 2019 Samsung iliacha kuleta lekta mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Mwishoni mwa 2024 ilifahamika kwamba LG nayo imesimamisha lekta zake. Mwezi wa Februari 2025 Sony, mmoja wa wazazi wa Blu-ray, iliacha kutengeneza diski tupu za kurekodia za aina hiyo. Netflix, ambayo ilianza kwa kupeleka DVD kwa posta huko Marekani, ilifunga kazi hiyo Septemba 2023. Filamu kubwa bado zinatoka kwenye diski, na wapenzi wa sinema Ulaya bado wanazinunua, lakini ni soko linalopungua. Kwa fundi wa Likasi, hiyo ina maana moja: jicho la lazer ya bluu litakapokufa, kulipata jingine kutakuwa kazi. La DVD haliingii pahali pake.

Dunia imekwisha kuona hasara ya kuchagua diski isiyofaa. Mwaka 2006 kulikuwa na mbili zilizoshindana: Blu-ray na HD DVD ya Toshiba. Lekta ya kwanza ya Blu-ray ya Samsung iliuzwa karibu dola 1.000 Marekani, ya Toshiba karibu nusu yake, na wengi walikimbilia ya bei ndogo. Februari 2008 Toshiba ilitangaza kwamba inaacha. Walionunua HD DVD walibaki na mashini ambayo hakuna kampuni iliyoitengenezea filamu tena.

Je, intaneti ndiyo dawa? Kwa mji wenye nyuzi za kasi nyumbani, ndiyo. Kwa anayenunua megabaiti kwa simu, hesabu ni chungu. Netflix yenyewe inasema picha ya HD inaweza kula hadi giga 3 kwa saa moja. Filamu ya saa mbili ni giga 6. Kila mtu anajua anacholipa kwa giga kwenye mtandao wake; azidishe mara sita, kisha mara idadi ya filamu za mwezi. Tena kuna filamu ambazo soko la diski halizileti. Ile inayosimulia vita vya Septemba 1961 katika mji huu, wakati wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa Jadotville, iliwafikia watu duniani kupitia Netflix mwaka 2016. Hata kupigwa picha ilipigwa Afrika Kusini. Mkaaji wa Likasi anayetaka kuona jinsi mji wake ulivyoigizwa anapaswa kupitia njia ya intaneti.

Kati ya diski na intaneti, watu wengi wamekwisha kuchagua njia ya tatu: fulashi. Filamu moja ya giga 1,5 au 2, iliyobanwa kwa ufundi wa kisasa, ikichomekwa moja kwa moja nyuma ya televizyo, inatoa picha inayoshinda DVD yoyote ya sokoni. Haina lazer ya kuchoka wala haiogopi vumbi jekundu la kiangazi. Haifikii Blu-ray halisi, lakini kwenye inchi 32 wachache watagundua.

Pesa iliyokusudiwa kwa lekta mpya ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye kitu ambacho hakuna anayekionea fahari: stabilizateri nzuri. Katika mji ambako kuran inakatika na kurudi kwa nguvu, ni yale mapigo ya kurudi yanayoua televizyo. Lekta ya dola chache ikiungua ni huzuni. Bapa ya inchi 50 ikiungua ni mwaka wa akiba.

Nani basi anunue Blu-ray? Mwenye kioo kikubwa cha Full HD au 4K, mwenye ndugu Ulaya anayeweza kumpelekea diski za asili, na anayependa filamu kiasi cha kuirudia moja mara tano. Pengine pia parokia au shule yenye projekta na ukuta mweupe, kwa sababu picha ikipanuliwa mita mbili DVD inaonyesha udhaifu wake wote. Huyo atafurahi, na hatajuta.

Kwa wengine, kitu cha kufikiria si lekta mpya bali diski za zamani. Ndani ya kabati, chini ya filamu za Nigeria na konseri za Kinshasa, kuna DVD za arusi, za ubatizo, za matanga ya baba, za koro ambayo nusu ya waimbaji wake hawako tena. Hizo zilirekodiwa kwenye diski tupu, ambazo rangi yake ya ndani inachakaa kwa joto na mwanga, na zikianza kugoma hakuna lekta ya bei yoyote itakayozifufua. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji huu mwaka 1952, nyimbo zilitoka kwenye sahani za gramafoni. Leo zinasikika kwenye simu kwa sababu kuna waliozihamisha kila mara chombo kilipobadilika.

Kazi hiyo inahitaji kompyuta yenye tundu la DVD, na zinaendelea kuwa chache, kwa kuwa kompyuta mpya hazinalo. Nyumba za fotokopi na wapiga picha wa arusi bado wanazo. Diski moja ya arusi haizidi giga 4,7 ikiwa ni ya kawaida, kwa hiyo fulashi ya giga 32 inabeba sita bila kubana. Ni vema nakala ziwe mbili, moja ikae nyumba nyingine, na ile diski yenyewe isitupwe.