Maji Machafu Yasafishwavyo

Mto una nguvu yake ya kujisafisha. Taka kidogo zikiingia mtoni, zilizo nzito huzama, na nyingine huliwa na vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo hutumia hewa iliyochanganyika na maji, kama samaki afanyavyo. Lakini taka zikizidi, vidudu navyo huzidi, hata hewa ya majini ikaisha. Basi samaki hufa na maji hunuka. Ndivyo ulivyopatwa mto Thames, upitao katika mji wa London, Uingereza.

Zamani maji ya vyoo vya mji ule yalimwagwa mtoni, na watu wengi walikunywa maji ya mto uo huo. Kwa hiyo kipindupindu kiliingia mara kwa mara. Katika miaka ya 1853 na 1854 kiliua watu zaidi ya 10,000. Hata mwaka 1858, wakati wa joto, mto ukanuka mno. Wakuu waliokutana Bungeni, ukingoni mwa mto, walitungika mapazia yaliyochovywa katika dawa ya chokaa, lakini hayakufaa kitu. Ndipo walipotoa idhini ya fedha, na fundi mkuu Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Mifereji ile iliyachukua maji machafu mpaka mashariki ya mji, yakamwagwa mtoni wakati wa maji kupwa, ili yaende baharini. Mji ukapata nafuu. Lakini uchafu ulihamishwa tu, haukusafishwa.

Uondolewe namna gani, basi? Mwaka 1914, huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walitangaza jambo walilolivumbua. Walitia maji machafu katika chupa, wakayapulizia hewa. Mara ya kwanza yalichukua kama majuma matano kusafika. Tope lililobaki chini hawakulitupa, bali waliliongezea maji machafu mapya, wakafanya hivyo tena na tena. Kila mara kazi ilikwenda upesi zaidi, hata ikatosha siku moja. Sababu yake ni hii: tope lile lilijaa vidudu vile vile vya mtoni, navyo viliongezeka kila mara, na hewa haikupunguka.

Leo miji mingi hufuata njia hiyo. Kwanza, maji hupitishwa katika wavu wa vyuma, vitambaa na vijiti vikazuiwa. Pili, huenda polepole katika mfereji, mchanga ukazama. Tatu, hutulia saa chache katika birika kubwa. Uchafu mzito hushuka chini, na mafuta yaeleayo juu huondolewa. Nne, huingia katika birika la hewa, na humo vidudu hula uchafu uliosalia. Tano, hutulia tena; tope hushuka, na maji meupe hupita juu kwenda mtoni. Sehemu ya tope hurudishwa katika birika la hewa, ili kazi iendelee. Lililozidi aghalabu hufungiwa mahali pasipo hewa. Huko huoza na kutoa gesi iwezayo kuwaka.

Penye jua kali na nafasi tele, mabwawa hufanya kazi hiyo. Huko Ruai, mashariki ya Nairobi, maji machafu hupita bwawa baada ya bwawa kwa siku nyingi. Mimea midogo ya kijani hutoa hewa kwa nguvu za jua, vidudu vikaitumia. Na mwanga wa jua husaidia kuua vijidudu vya maradhi.

Hata hivyo, maji yaliyosafishwa hivi si ya kunywa, maana vijidudu vya maradhi vyaweza kubaki ndani yake. Yamesafishwa kadiri mto uwezavyo kuyapokea.

Na mto ukipunguziwa mzigo, hupona. Mwaka 1957 wataalamu walisema ya kwamba sehemu ya Thames ipitayo London imekufa, haina uhai. Baadaye mitambo ya kusafishia maji ikatengenezwa upya. Mwaka 1974 samaki aitwaye salmon, ambaye hawezi kuishi katika maji yasiyo na hewa, alionekana tena katika mto ule.