NASABA NA KINASABA: JUU YA MAJINA YA SARATANI ZA MAPAFU

Neno *nasaba* lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili maana yake ni ukoo, yaani mfuatano wa wazazi na wazao. Kutokana nalo limezaliwa neno *kinasaba*, wingi *vinasaba*, kutaja vile vitu vidogo mno vichukuavyo urithi wa kiumbe. Neno hili limeundwa kwa kufuata kanuni za ngeli, nalo limeenea upesi. Lakini limebeba pia mzigo wa shina lake, na mzigo huo huonekana hasa litumiwapo katika habari za saratani.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti ukoo si jambo dogo. Mkurya hujijua kuwa Mwirege, Mnchari, Mtimbaru au Mnyabasi. Na jirani zake Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye nao wana koo zao. Tena, magazeti ya Tanzania yatajapo "kipimo cha vinasaba", mara nyingi habari yenyewe ni ya kutafuta baba wa mtoto. Basi mgonjwa aambiwapo kwamba uvimbe wa pafu lake wahitaji kipimo cha vinasaba, aweza kufahamu mojawapo ya mambo mawili: ama ukoo wake una dosari ambayo wanawe wamekwisha kuirithi, ama uzazi wake unatiliwa shaka. Kwa hofu hiyo aweza kukikataa kipimo ambacho kingeonyesha dawa imfaayo.

Yafaa kueleza kipimo chenyewe. Zamani saratani za mapafu ziligawanywa kwa umbo la chembe zake zilivyoonekana katika hadubini: zile za chembe ndogo, na zile zisizo za chembe ndogo. Siku hizi mgawanyo waendelea ndani ya chembe. Kipande cha uvimbe hukatwa, na maandishi ya urithi yaliyomo husomwa. Maandishi hayo yana herufi nne tu, A, C, G na T, na kosa lake lafanana na kosa la mwandishi. Pengine herufi moja hubadilika: katika jeni iitwayo EGFR, T ikiwa G mahali fulani, chembe hupata amri ya kukua pasipo kukoma. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba uvimbe wenye makosa ya namna hiyo husikia dawa maalumu. Pengine vipande viwili vya mbali huunganishwa, kama maneno mawili yaliyofanywa neno moja. Ndivyo zilivyo jeni EML4 na ALK, ambazo muungano wake katika saratani ya mapafu ulitangazwa na wataalamu wa Japani mwaka 2007. Muungano wa ROS1 ni adimu zaidi, mgonjwa mmoja au wawili katika mia. Adimu kupita hiyo ni saratani iitwayo NUT, ambayo mara nyingi huunganisha kipande cha kromosomu ya 15 na cha kromosomu ya 19.

Jambo kubwa ni hili: makosa hayo, isipokuwa kwa nadra, hayakutoka kwa baba wala kwa mama. Yametokea katika chembe za pafu wakati wa uhai wa mgonjwa mwenyewe, nayo hayapiti kwa watoto.

Nchi ya Mara ina mfano wake wa jambo hili. Uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutoka Uganda, ulionekana pia Mara Kaskazini, nchi ambayo leo ni Tarime na Rorya. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa huko waliokuwa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini, ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe huo. Katika chembe zake, kwa kawaida, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni MYC kimehamia kromosomu ya 14. Jeni zimebadilika, lakini hapana ukoo wa kulaumiwa.

Kwa hiyo ingefaa istilahi zitenganishwe. *Jeni*, neno lisilo na jamaa katika Kiswahili, litumike kwa kitu chenyewe. *Kipimo cha jeni za uvimbe* kiwe jina la uchunguzi ulioelezwa hapa, na *kipimo cha nasaba* kibaki kwa mambo ya uzazi na urithi. Neno *saratani* lenyewe, kwa Kiarabu, ni kaa, mnyama wa pwani. Nalo halimdhuru msikilizaji, kwani hakuna adhaniye kuwa ana kaa kifuani. *Kinasaba* ni kinyume chake: shina lake bado li hai, na kila alisikiaye hulifahamu. Istilahi ambayo shina lake lasema lisilo kweli haitoshi kuwa imeundwa vizuri.