Moshoeshoe na Taifa la Wasotho

Watu wengi hudhani ya kuwa taifa ni kitu kilichokuwako tangu kale, kama mlima au mto, na ya kuwa kiongozi huzaliwa tu akawakuta watu wake wamekwisha kuwa kitu kimoja. Leo twapenda kueleza habari za taifa moja ambalo mwanzo wake wajulikana, na aliyelianzisha ajulikana kwa jina. Ni taifa la Wasotho wa Lesotho, nchi ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini.

Moshoeshoe alizaliwa yapata mwaka 1786, mwana wa mkuu mdogo tu wa ukoo wa Bamokoteli. Jina lake la utotoni lilikuwa Lepoqo. Hilo la Moshoeshoe alilipata ujanani, alipoteka ng'ombe wa jirani akajisifu kwamba amemnyoa ndevu. Nalo lafuatisha sauti ya wembe upitapo juu ya ngozi. Basi tusimdhani kuwa malaika.

Baada ya mwaka 1820 vikaja vita ambavyo Wasotho huviita Lifaqane. Kabila lilisukuma kabila, mashamba yakaachwa, mifugo ikatekwa, na njaa ikazidi hata watu wengine wakala watu. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamisha watu wake mpaka mlima wa Thaba Bosiu, maana yake Mlima wa Usiku. Juu yake ni tambarare yenye chemchemi na malisho. Pande zake ni majabali, na njia za kupandia ni chache. Katika safari hiyo babu yake Peete, mzee asiyeweza kwenda upesi, alikamatwa na wala watu, akaliwa.

Yasimuliwa ya kuwa baadaye wala watu wale waliletwa mbele yake, na watu wake wakataka wauawe. Moshoeshoe akakataa, akisema ya kwamba hao ndio kaburi la babu yake, na kaburi halivunjiwi heshima. Akawaacha hai, akawapa mahali pa kukaa. Mtu aweza kulicheka jibu hilo, lakini tulitazame vema. Waliotaka kisasi walinyamazishwa kwa sheria yao wenyewe ya kuwaheshimu wafu, na mfalme akapata raia mahali pa maiti.

Wakimbizi wengi walifika mlimani mikono mitupu. Hao Moshoeshoe aliwafunga kwake kwa ng'ombe. Desturi hiyo huitwa mafisa, nayo wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki wataitambua: mtu hupewa ng'ombe awachunge, naye hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wao hubaki mali ya mwenyewe. Hivyo aliyekuja bila kitu alipata chakula cha watoto wake, tena akapata sababu ya kutomfuata mkuu mwingine. Koo zilizokuja pamoja na wakuu wao ziliachiwa wakuu hao na desturi zao. Moorosi wa Baphuthi alikuwa mmoja wao. Na neno likiwa zito watu waliitwa katika pitso, yaani baraza, ambako mtu mume aliruhusiwa kumkosoa mkuu mbele ya wote. Kwa maoni yetu, baraza hilo lilijenga zaidi kuliko mikuki, kwa kuwa mtu huona nchi ni yake pale asemapo na kusikilizwa.

Mwaka 1833 Moshoeshoe aliwakaribisha wahubiri kutoka Ufaransa, Casalis na wenziwe, nao wakaiandika lugha ya watu wale na kuichapa vitabuni. Sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji mkalimani kwa majina haya: Mosotho ni mtu mmoja, Basotho ni wengi, Sesotho ni lugha yao, na Lesotho ni nchi yao.

Maadui nao walichangia. Jeshi la Mzilikazi liliposhindwa kuupanda mlima mwaka 1831, Moshoeshoe alilipelekea ng'ombe njiani, akisema ya kuwa bila shaka ni njaa iliyolileta. Desemba 1852 jenerali Cathcart alikuja na askari wa Kiingereza, akapigwa kwa nguvu asizozitazamia. Usiku ule ule Moshoeshoe akamwandikia barua ya kuomba amani, na jenerali akapata njia ya kuondoka bila aibu. Lakini Makaburu wa Orange Free State hawakutulizwa kwa barua. Vita vyao vya mwaka 1858, na tena tangu 1865, viliwanyang'anya Wasotho mashamba mazuri ya magharibi ya mto Caledon, na hayakurudi. Mwaka 1868 mfalme, sasa mzee sana, alipata alichokuwa akikiomba kwa miaka, yaani himaya ya Uingereza. Wako wanaosema aliuza uhuru. Sisi twaona alichagua hasara iliyo ndogo, kwa kuwa nchi iliyobaki haikumezwa na Makaburu, wala haikuingizwa katika Muungano wa Afrika ya Kusini wa mwaka 1910. Ilijipatia uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966.

Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya Thaba Bosiu. Siku hiyo huadhimishwa Lesotho kila mwaka. Na kusini mwa nchi wako Baphuthi ambao mpaka leo husema lugha yao wenyewe nyumbani, nao ni Wasotho.