Mtoto akifariki kwa saratani: Familia inahitaji nini baada ya matanga

Matanga yakiisha, mahema na viti hurudishwa, kamati ya mazishi huvunjwa na kundi la WhatsApp la michango hunyamaza. Kwa familia iliyompoteza mtoto kwa saratani, huo ndio wakati mgumu zaidi. Kwa miezi mingi siku zao zilipangwa na hospitali: tarehe ya kliniki, kupima damu, kutafuta nauli. Ghafla hakuna tarehe ya kurudi, na majirani hawajui waseme nini.

Msiba huu si wa nyumba chache. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya asilimia 30. Ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa, gharama na matibabu kukatizwa njiani ni miongoni mwa sababu za pengo hilo.

Mzazi hana hatia

Wazazi wengi waliofiwa hurudia swali moja: "Kama ningempeleka mapema?" Ukweli ni kwamba saratani nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana. Si laana, haziambukizi, na hazitokani na kosa la mama wakati wa ujauzito. Baadhi hukua kwa kasi mno. Uvimbe wa saratani ya Burkitt, ambayo hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi kama ukanda wa Ziwa Victoria, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jirani anayeuliza "mlikuwa wapi muda huo wote?" anatonesha kidonda bila sababu.

La kusema na la kutosema

Maneno kama "mtapata mwingine", "Mungu alimpenda zaidi" au "jikaze, wewe ni mwanamume" husemwa kwa nia njema, lakini humfunga aliyefiwa mdomo. "Pole" inatosha. Taja jina la mtoto. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto wao atasahaulika, na kulisikia jina lake huwafariji. Akina baba hawapaswi kusahaulika pia. Mara nyingi wao huulizwa tu kuhusu gharama na mipango.

Msaada wa vitendo hufaa kuliko "ukihitaji chochote niite". Teka maji, peleka unga, wasindikize wazazi kufuatilia cheti cha kifo au kuzungumza na hospitali kuhusu bili iliyobaki. Weka alama kwenye kalenda siku ya kuzaliwa ya mtoto na siku aliyofariki, kisha uwatembelee.

Ndugu zake pia wamefiwa

Wakati wa matibabu, ndugu wa mgonjwa huenda waliachwa kwa nyanya au shangazi kwa miezi kadhaa. Waelezwe ukweli kwa lugha nyepesi: amekufa, na harudi. Mtoto mdogo akiambiwa kwamba kaka yake "amelala" anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", atamngojea. Waambiwe pia kwamba hawakusababisha ugonjwa huo wala hawakuambukizwa. Mwalimu wa darasa ajulishwe kabla hawajarudi shuleni.

Kusaidia familia nyingine

Mzazi aliyeuguza mtoto wa saratani ana ujuzi ambao haumo kwenye mabango ya hospitali. Anajua foleni huanza saa ngapi, mtoto hula nini mdomo ukijaa vidonda vya dawa, na afisa wa ustawi wa jamii hospitalini yuko mlango upi. Anajua pia kishawishi cha kuacha matibabu uvimbe unapoyeyuka baada ya dozi za kwanza. Mtoto anayeonekana amepona hubakishwa nyumbani ili kuokoa nauli, kisha ugonjwa hurudi. Neno la mzazi mwenzao, "malizeni dozi", huweza kusikika zaidi kuliko la daktari.

Hata hivyo, mzazi asisukumwe. Wapo wanaopata nguvu kwa kuwasaidia wengine, na wapo wasiotaka kuiona wodi tena. Wote wana haki. Anayetaka kusaidia aanze polepole na apitie kwa wahudumu wa wodi, kwa sababu familia iliyopokea majibu jana inaweza kuogopa kukutana na mtu aliyefiwa. Anaweza kuanza kwa kuchangia nauli, kumlinda mtoto aliyebaki nyumbani, au kuwakumbusha jirani kujisajili na SHA kupitia *147#.

Anaweza pia kuwafundisha wengine dalili za kuwahi hospitalini: weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho, uvimbe wa taya, tumbo au shingo, homa isiyoisha, kutokwa na damu au michubuko bila sababu, kupungua uzito, na maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika asubuhi.

Wakati wa kutafuta msaada

Huzuni haina muda maalum. Lakini iwapo aliyefiwa hali, halali, amezama kwenye pombe, au miezi mingi imepita na bado hawezi kufanya kazi za kawaida, aonwe na mshauri nasaha katika kituo cha afya. Akisema anataka kumfuata mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini mara moja. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri bila malipo kupitia nambari 1199.

Wakazi wanaofahamu familia iliyofiwa wanahimizwa kuwajulisha wahudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao, ili familia hiyo iendelee kutembelewa hata baada ya waombolezaji kuondoka.