Kurudisha Ng'ombe Si Talaka

"Wakili, ng'ombe walisharudishwa na wazee wakawapokea. Mbona mahakama bado inaniita mke wa mtu?"

Swali hili huulizwa Didia, Tinde na Iselamagazi mkoani Shinyanga, na ukivuka kwenda Katoro au Nyarugusu mkoani Geita utalikuta linakusubiri. Anayeuliza huwa hana shaka hata kidogo. Kikao cha pande mbili kilikaa, mifugo ikahesabiwa, upande wa mume ukatamka kuwa umeridhika, watu wakala wakatawanyika. Kwake yeye, ndoa iliishia pale. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na kila mara jibu linakuja kwa mtu aliyekwisha kuchelewa. Kwa hiyo naliandika hapa mapema: ng'ombe wamerudi, lakini ndoa ipo palepale.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mambo yanayomaliza ndoa Tanzania Bara. La kwanza ni kifo cha mume au mke. La pili ni amri ya mahakama inayotamka kuwa mmoja wao anachukuliwa kuwa amekufa. La tatu ni amri ya mahakama ya kubatilisha ndoa. La nne ni amri ya mahakama ya talaka. La tano ni talaka iliyotolewa nje ya nchi na kutambuliwa hapa kwetu. Hakuna la sita. Ng'ombe hawamo, kikao cha ukoo hakimo, wala barua ya mtendaji wa kijiji haimo. Mwanandoa aliye hai, anayeishi hapa nchini na anayetaka kuachana na mwenzake, hana njia nyingine ila mahakama.

Najua imani hii ilikotoka. Enzi za mahakama za machifu, mahari ndiyo iliyokuwa ushahidi wa ndoa. Watu hawakuwa na vyeti, walikuwa na mashahidi na mifugo. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliziandika taratibu hizo katika kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma cha mwaka 1953. Baada ya Uhuru, Tangazo la Serikali namba 279 la mwaka 1963 likaziweka kanuni nyingi za mila kwenye maandishi, zikiwemo za mahari: lini inarudishwa, kiasi gani, nani mwenye kosa, na je, kuna watoto. Mzee aliyekulia katika taratibu hizo hajadanganya anaposema kwamba alichokiona ndicho alichofundishwa.

Ila mwaka 1971 ulibadilisha mambo, na zaidi ya miaka hamsini imepita tangu hapo. Bunge lilitunga sheria moja ya ndoa kwa Watanzania wa Bara wote, wa kanisani, wa msikitini, wa bomani na wa kimila. Sheria nyingine, ile inayoeleza ni sheria zipi zitumike mahakamani, ikaongeza jambo ambalo wazee wengi hawajaambiwa: pale ambapo Sheria ya Ndoa imekwisha kutoa mwongozo, kanuni za mila na za Kiislamu hazitumiki kwa jambo hilo. Kuvunjika kwa ndoa kumetolewa mwongozo. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi ili ng'ombe waijaze.

Hapo huwa napata ubishi: "Lakini sheria inatambua ndoa ya kimila!" Ndiyo, inaitambua, na inaipa uzito uleule wa ndoa iliyofungwa bomani au kanisani. Kwa kuwa ni ndoa kamili, haiwezi kufutwa kwa makubaliano ya ukoo. Huwezi kudai heshima ya ndoa siku ya harusi, halafu siku ya kuachana ukasema yalikuwa mapatano ya wazee tu.

Tena sheria hiyohiyo inasema kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu tu utaratibu wa mahari haukufuatwa. Mahari isipolipwa kabisa, ndoa inasimama. Ikilipwa nusu, inasimama. Basi iweje mahari, ambayo kukosekana kwake hakuzuii ndoa kuwepo, iwe na nguvu ya kuimaliza kwa kurudishwa? Nimewauliza swali hili wenyeviti wa vijiji, wazee wa ukoo na vijana waliosoma. Bado nasubiri jibu.

Madai ya kurudishiwa mahari ni madai halali, na mtu anaweza kuyapeleka mahakamani. Lakini ni shauri la mali. Linaamua nani anamdai nani mifugo mingapi. Haliamui nani ni mke wa nani.

Ningekuwa mpole kuhusu imani hii kama haingekuwa na madhara. Madhara yake nayaona, na anayeumia zaidi ni mwanamke.

Mwanamke ambaye ndoa yake haijavunjwa na mahakama hawezi kuolewa tena kisheria. Akiolewa Kahama kwa ng'ombe wengine, kwa harusi nyingine, hata kwa shangwe kubwa kuliko ya kwanza, ndoa hiyo ya pili ni batili tangu siku ilipofungwa. Mume wa kwanza anaweza kumfungulia mume wa pili madai ya fidia ya ugoni, na huyo wa pili atalazimika kwenda kujitetea. Hata ile kinga ya watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaheshimu kama mume na mke haimfikii kwa ukamilifu, kwa sababu dhana hiyo ya ndoa huanguka ikithibitika kuwa mmoja wao yuko ndani ya ndoa nyingine. Mahakama ina uwezo wa kugawa mali waliyochuma pamoja hata dhana hiyo ikianguka, lakini atafika huko akiwa ameanza vita kutoka nyuma.

Kisha kinakuja kifo. Mume alikwenda kwenye machimbo ya Mwakitolyo au Rwamgasa, duara, yaani shimo la kuchimbia, likaporomoka, mwili unaletwa nyumbani. Msibani wanatokea wanawake wawili. Mmoja ndiye aliyeishi naye miaka yote ya mgodini. Mwingine ndiye ambaye ng'ombe wake walirudishwa zamani na kila mtu akamsahau. Ubishi unaanzia kaburini, nani asimame wapi na nani aitwe mjane, unaendelea kwenye mirathi na unafika hadi kwenye mafao. Mahakamani mwenye ndoa ambayo haikuvunjwa kisheria ndiye mjane. Yule aliyeuguza, aliyepika na aliyebeba viroba vya mawe hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, anaanza kutafuta mashahidi akiwa bado na kanga ya msiba.

Na watoto? "Watoto wanamfuata aliyetoa ng'ombe." Hapana. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, kinachotangulia ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo katika Sheria ya Ndoa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeukazia msimamo huo. Mtoto wa chini ya miaka saba anachukuliwa kuwa yuko salama zaidi kwa mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mila inasikilizwa, lakini haikai kiti cha mbele.

Hasara nyingine ni ya mali, na hii ndiyo inayofichwa zaidi. Kikao cha kurudisha ng'ombe kinazungumzia mali moja tu: ng'ombe wa mahari. Nyumba iliyojengwa Katoro haitajwi. Karasha halitajwi, wala hisa kwenye duara, wala marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyolundikwa yakisubiri mnunuzi. Mwanamke anaondoka na nguo zake huku baba yake akitoa mifugo, na watu wanaita hiyo haki. Mahakama inayotoa talaka ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Aliyelima, aliyelea na aliyepika ili mwenzake ashuke shimoni akiwa ameshiba, amechangia. Kiasi cha mgawo hutegemea ushahidi wa mchango, na haki yenyewe haiishi kwa sababu hati ina jina la mume. Mali ya kurithi, kama shamba la ukoo lenye makaburi ya babu, kwa kawaida haigawanywi, isipokuwa kama mwenzi mwingine ameshiriki kuiendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa.

Tiba nyingine za mitaani zina ugonjwa uleule. Barua ya mtendaji yenye mhuri wa kijiji si talaka. Kiapo mlichosaini wote wawili kwamba "tumeachana kwa amani" si talaka. Kutengana miaka mitatu hakuvunji ndoa. Ni ushahidi mmojawapo ambao mahakama huutazama ili kuona kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Talaka iliyotamkwa kwa simu kutoka mgodini, hata kama wote wawili ni Waislamu, nayo haijitoshelezi. Sheria inaitaka mahakama itoe amri ya talaka ikithibitishiwa kuwa baraza limeshindwa kuwapatanisha na kwamba kimefanyika kitendo ambacho kwa sheria ya Kiislamu kinamaliza ndoa. Anayekuuzia karatasi ya kuvunja ndoa nje ya mahakama anakuuzia tatizo la miaka ijayo.

Sasa ufanye nini? Anza na baraza la usuluhishi wa ndoa. Lipo la kata, na yapo ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa kwa kazi hiyo. Huhitaji wakili. Nyote wawili mtaitwa na kusikilizwa. Likishindwa kuwapatanisha, dai hati inayosema hivyo, isome kabla hujaondoka, na uhakikishe majina, tarehe na saini vipo. Hati hiyo ina miezi sita tu. Ikipita, unarudi kuanza upya. Kesi ya talaka iliyofunguliwa bila hati halali inaweza kufutwa yote hata baada ya kufika Mahakama ya Rufani, pamoja na mgawanyo wa mali uliokwisha kutolewa.

Mwenzako amekwenda machimboni na hajulikani alipo? Ameitwa barazani akakataa kwa makusudi? Sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi, ila uthibitishe. Hajasikika kwa miaka mitano na watu ambao wangepaswa kusikia habari zake? Muulize hakimu kuhusu dhana ya kifo. Ndoa haijafikisha miaka miwili? Utahitaji kwanza kibali maalumu cha mahakama kabla ya kuomba talaka.

Shauri lifungue mahakama ya mwanzo. Ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zina mamlaka pia, ila kwa wengi ya mwanzo iko karibu zaidi na gharama yake ni ndogo. Katika ombi hilohilo omba vyote: talaka, watoto, matunzo, mgawanyo wa mali. Beba ushahidi: risiti za bati na saruji, picha za nyumba, miamala ya simu, nakala ya leseni ya uchimbaji, majirani. Dhahabu iliyouzwa kwenye masoko ya madini, yaliyoanza Machi 2019 na la kwanza likiwa Geita, ina kumbukumbu za mauzo, kwa hiyo iombe mahakama iziitishe. Nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yako. Ukisikia inauzwa, wahi mahakamani leo. Usiporidhika na hukumu, una siku 45 za kukata rufaa. Huna fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ofisi ya kata au ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Na kama ng'ombe walisharudishwa kwenu miaka iliyopita, hujachelewa kufungua shauri: kikao kile ni ushahidi kwamba mlikwisha kushindwana, na wazee waliokaa pale ni mashahidi wako.

Nina ombi kwa wazee wetu. Hakuna anayewanyima kikao chenu, na mara nyingi nyinyi ndio mnaojua ukweli wa nyumba ile kuliko hakimu yeyote. Kabla hamjahesabu hata ndama mmoja, waulizeni wenye ndoa: hati ya baraza iko wapi, na amri ya mahakama iko wapi? Zikikosekana, msifungue zizi. Waelekezeni kwenye kata, andikeni muhtasari wa mliyoyasikia, wekeni saini zenu, na muwe tayari kuja kusimama kizimbani mtakapoitwa. Mahari inaweza kusubiri hukumu. Binti mnayemwambia yuko huru wakati sheria inasema bado ameolewa ndiye atakayelipa kosa hilo.