Chakra, Tezi na Afya ya Mtoto Wako

Je, umewahi kuambiwa kwamba ugonjwa wa tezi hupona chakra zikifunguliwa? Leo tutazame jambo hilo.

Chakra ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Maana yake ni gurudumu. Katika mafundisho ya yoga, chakra ni vituo vya nguvu vilivyopangwa kutoka chini ya uti wa mgongo hadi utosini. Wengi huvihesabu kuwa saba. Hutumiwa katika kutafakari, na havionekani kwa eksirei wala daktari anapopasua mwili.

Tezi nazo ni viungo halisi. Hutengeneza homoni na kuzimimina katika damu. Neno homoni lilianza kutumika mwaka wa 1905, kwa hivyo maandiko ya kale ya chakra hayakulijua. Ni katika karne ya 20 ambapo waandishi wa nchi za Magharibi walieneza wazo la kuipa kila chakra tezi yake. Ile ya koo walipewa thairoidi, na ile ya tumbo kongosho.

Tuanze na thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Inahitaji madini ya iodini. Yakipungua, shingo huweza kuvimba, yaani goita. Mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto aliye tumboni huweza kudhurika. Pikia chumvi yenye iodini, uihifadhi pakavu na uifunike. Lakini usizidishe: mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku.

Sasa kongosho, lililo nyuma ya tumbo. Hutoa insulini, inayosaidia mwili kutumia sukari. Mtoto asipokuwa nayo hupata kisukari cha aina ya kwanza. Kabla ya insulini kuanza kutumiwa kama dawa mwaka wa 1922, watoto hawa walikufa. Leo wanaishi, wanasoma na kuzeeka, mradi wapate insulini kila siku.

Mama, angalia dalili hizi: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kuanza tena kukojoa kitandani, kukonda na uchovu. Ukiziona, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uombe apimwe sukari kwa tone la damu la kidole. Akitapika, akipumua kwa kasi au akisinzia sana, usingoje hata saa moja.

Je, kutafakari ni kubaya? La. Kutulia na kuvuta pumzi polepole huweza kupunguza wasiwasi, na mlezi wa mgonjwa anahitaji utulivu. Ila pumzi haitengenezi insulini. Ukiambiwa uache sindano ya mtoto ili chakra zifunguke, kataa.

Mweleze na jirani yako.